Ng'ombe hazeeki maini: mwongozo wa kwenda kuiona bendi kongwe ya roki jukwaani

Maswali ni yale yale. Bado wanaimba kweli? Tiketi ninunue wapi nisilizwe? Nisimame au nikae? Kuna yeyote wa zamani aliyebaki, au ni jina tu? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu kwa ujumbe, na mara moja nimeyajibu kwenye foleni ya choo cha ukumbini, kwa kijana aliyeniona na fulana ya ziara ya zamani akadhani mimi ni mhudumu. Safari hii nayaandika ili nikiulizwa tena niwe natuma tu.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezisikia nyimbo hizi kwa miaka, redioni au kwenye kanda za baba yake, na sasa bendi inakuja mahali anapoweza kufika. Jambo moja uliweke kichwani kabla hatujaanza: unakwenda kuwaona watu wa miaka 70 na 80 kama walivyo leo. Huendi kuiona albamu ya mwaka 1973. Wengi niliowaona wakitoka wamenuna walilipa ili waione albamu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti kwenye tovuti ya muuzaji rasmi wa tiketi, iliyofunguliwa siku kadhaa kabla ya mauzo, na nenosiri unalolikumbuka.
- Njia ya malipo iliyoruhusiwa kulipa mtandaoni. Ijaribu kwa kitu kidogo kwanza.
- Kitambulisho chenye jina lile lile litakaloandikwa kwenye tiketi.
- Vizibo vya masikio. Pamba si vizibo.
- Viatu ambavyo miguu yako imeshavizoea.
- Simu yenye chaji na pawabenki ndogo.
- Mpango wa kurudi, siyo wa kwenda tu.

Hatua ya 1: Hesabu waliobaki

Kabla hujatoa hata senti, fungua tovuti ya bendi yenyewe usome majina ya wanaopanda jukwaani mwaka huu. Bango halitakwambia. Bango lina nembo ile ile ya zamani, na nembo haizeeki wala haifi.

Kuna bendi ambazo uti wa mgongo bado upo. Rolling Stones walipiga onyesho lao la kwanza London Julai 1962, na Mick Jagger na Keith Richards wangali pamoja. Ila mpiga dramu Charlie Watts alifariki Agosti 2021, na kiti chake anakikalia Steve Jordan. Kwa Deep Purple, Ian Paice ndiye pekee aliyekuwamo katika kila safu tangu 1968, lakini Ian Gillan na Roger Glover, walioingia 1969, nao wapo. ZZ Top walikaa watatu wale wale kwa miaka zaidi ya 50 hadi mpiga besi Dusty Hill alipofariki Julai 2021. Aliyeshika besi ni Elwood Francis, fundi wao wa magita wa miaka mingi, mtu aliyeyajua magita yao kuliko mashabiki wote.

Kuna zilizopata koo jipya. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alifariki 1991. Wenzake Brian May na Roger Taylor wamezunguka dunia wakiwa na Adam Lambert, na jina lake huandikwa wazi kwenye bango kando ya lile la Queen. Journey walimpata Arnel Pineda mwaka 2007 baada ya mpiga gita wao kumwona kwenye video za YouTube akiimba Ufilipino. Glenn Frey wa Eagles alipofariki Januari 2016, nafasi yake ilichukuliwa na wawili: Vince Gill na Deacon Frey, mwanawe wa kumzaa. Onyesho la namna hii linaweza kuwa zuri mno. Ujue tu unamlipa nani.

Na kuna zilizobakiza jina. Gary Rossington, wa mwisho kati ya waanzilishi wa Lynyrd Skynyrd, alifariki Machi 2023, na bendi inaendelea. Sisemi usiende. Mwimbaji wake, Johnny Van Zant, ameiimbia tangu 1987, muda mrefu kuliko kaka yake Ronnie aliyekufa katika ajali ya ndege ya mwaka 1977. Mtu akikwambia hao si wenyewe, muulize wenyewe ni akina nani.

*Tahadhari.* Bendi za kuigiza, zile zinazopiga nyimbo za bendi nyingine kwa kuiga, ndizo zinazowanasa wageni. Mpwa wangu alinitumia picha ya bango usiku akiwa na furaha tele: "Mjomba, nimewapata! Viti viwili, mstari wa nne!" Nikaikuza ile picha. Chini ya jina kubwa, kwa herufi ndogo kama za masharti ya mkopo, palikuwa na maneno "onyesho la heshima kwa". Tiketi hazirudishwi. Alikwenda, akacheza, akaniambia mpiga gita alikuwa hatari. Lakini wale aliotaka kuwaona usiku ule walikuwa nchi nyingine kabisa, wakipiga mbele ya watu wengine. Basi soma bango hadi mwisho. Na kama bendi iliwahi kugawanyika, angalia ni upande upi unaokuja: Wishbone Ash, kwa mfano, walifikishana mahakamani wakigombea jina.

Hatua ya 2: Isikilize bendi ya leo

Tafuta video za ziara ya sasa zilizorekodiwa kwa simu na watu waliokaa vitini. Zile za bendi yenyewe zimepigwa pasi. Simu ya shabiki haina adabu, na ndiyo maana inafaa. Sikiliza nyimbo mbili: mmoja wa kasi na mmoja wenye noti za juu.

Utagundua kitu. Wimbo ule ule unasikika mzito, umekaa chini kidogo. Hawajakosea. Koo hushuka na umri, kwa hiyo bendi nyingi huzilegeza nyuzi za magita nusu toni au toni nzima ili mwimbaji azifikie noti bila kujiumiza. Ukiisha kulijua hilo, sikio linazoea baada ya nyimbo mbili. Asiyelijua hukaa usiku kucha akihisi kuna kitu kimeharibika, asijue ni nini.

Kisha tafuta orodha ya nyimbo. Ipo tovuti iitwayo Setlist.fm ambapo mashabiki huandika nyimbo zilizopigwa kila usiku, kwa mpangilio. Bendi kongwe nyingi hubadilisha kidogo sana kati ya mji na mji, hivyo ukisoma maonyesho matatu ya mwisho utajua karibu kila kitakachokuja. Wapo wasiotaka kuharibiwa mshangao, nawaheshimu. Mimi nasoma. Nina kibofu cha mtu mzima, na nataka kujua wimbo upi nisiwe chooni.

Hatua ya 3: Nunua tiketi bila kuingia mkenge

Anzia kwenye tovuti ya bendi, nenda kwenye ukurasa wa ziara, bonyeza tarehe ya mji wako, na uache kiungo hicho chenyewe kikupeleke kwa muuzaji. Usianzie kwenye kisaka kama Google. Ukiandika jina la bendi na neno tiketi, mara nyingi matokeo ya juu ni matangazo ya kulipiwa, na kati yake wamo walanguzi waliojipamba wakafanana na ukumbi.

Jiandikishe kwenye barua za bendi pia. Huwa wanatoa mauzo ya mapema kwa wanachama, siku moja au mbili kabla ya umma, na unapewa msimbo wa kuingilia. Siku ya mauzo ingia kwenye akaunti mapema, malipo yakiwa yameshahifadhiwa. Ukiwekwa kwenye foleni ya mtandaoni, tulia hapo hapo. Kubonyeza upya ukurasa kwa wasiwasi kunaweza kukurudisha mkiani.

Ukikosa, subiri. Kosa kubwa la wanaoanza ni kukimbilia kwa mlanguzi saa ile ile na kulipa mara nne. Waandaaji hushikilia viti vya wageni wao, na pia nafasi ambazo huenda zikazibwa na spika au kamera. Jukwaa likishapangwa, viti vilivyobaki huachiwa kuuzwa, mara nyingi siku chache kabla ya onyesho. Nimepata viti vyangu bora kabisa hivyo, siku mbili kabla, kwa bei ya kawaida.

Sasa kuhusu ziara ya kuaga, kwa sababu ndiyo inayowatoa watu pesa wakiwa hawajafikiri. The Who waliaga mwaka 1982, wakawa barabarani tena 1989. KISS walianza ziara ya kuaga mwaka 2000, wakapiga onyesho la mwisho New York tarehe 2 Desemba 2023. Scorpions walitangaza kustaafu mwaka 2010, wakaendelea kupiga. Kwa hiyo neno "mwisho" likiwa peke yake lisikutie kiwewe.

Lakini kuna upande wa pili. Aerosmith walianza ziara yao ya kuaga Septemba 2023. Baada ya maonyesho matatu tu koo la mwimbaji wao Steven Tyler likaumia, na Agosti 2024 wakatangaza kwamba hawatazunguka tena. Waliokuwa na tiketi za mji wa nne hawakuwaona. Black Sabbath walikutana Birmingham, mji walikozaliwa, tarehe 5 Julai 2025. Ozzy Osbourne aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi, na siku 17 baadaye alifariki. Usitazame neno la kwenye bango, tazama miaka ya wanaoimba. Ziara ikiwa na tarehe 40 na wewe unaweza kufika ama mwanzoni ama mwishoni, chagua mwanzoni.

Hatua ya 4: Chagua mahali

Mgeni hutaka mbele kabisa. Mbele unaona jasho, kweli, ila sauti ya huko mara nyingi ni mbovu. Spika kubwa zimeelekezwa juu ya kichwa chako, na unachosikia ni dramu na gita vinavyotoka jukwaani moja kwa moja, huku mwimbaji akisikika kama yuko chumba cha pili. Pembeni kabisa unamwona mpiga kinanda kwa mgongo.

Mahali pa kusikilizia ni karibu na fundi mitambo. Kibanda chake huwekwa katikati ya ukumbi, na yeye hupanga sauti kwa anachokisikia akiwa pale. Ukipata kiti au uwazi mita chache nyuma yake, unasikia kile alichokusudia. Kabla ya kulipia, fungua ramani ya ukumbi utafute kibanda hicho katikati.

Uwanja wa mpira una mambo yake. Ukiwa mita 100 kutoka jukwaani, sauti ya huko inakufikia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Utaona fimbo inagonga dramu, kisha mlio. Waandaaji wazuri husimamisha spika nyingine katikati ya uwanja na kuzichelewesha zioane na zile za mbele. Ukikaa karibu na minara hiyo unasikia vizuri hata kama wanamuziki wenyewe ni wadogo kama njugu, na uso wa mwimbaji utauona kwenye skrini.

Kusimama au kukaa? Piga hesabu ya kweli: foleni saa moja, bendi ya kufungua dakika 40, kupanga jukwaa dakika 30, bendi yenyewe saa moja na nusu hadi mbili. Ni kama saa nne kwa miguu. Kama mgongo wako unalalamika ukisimama kwenye foleni ya benki, nunua kiti na usione haya. Nusu ya mashabiki wa bendi hizi wana rika la bendi. Ila ujue kwamba kwenye wimbo maarufu walio mbele yako watasimama wote, nawe utasimama.

*Tahadhari ya usalama.* Sehemu ya kusimama isiyo na namba za viti haihitaji ushujaa wa kukimbilia mbele. Tarehe 3 Desemba 1979 mjini Cincinnati, watu 11 walikufa kwa kubanwa mlangoni kabla ya onyesho la The Who, umati uliokuwa ukigombea nafasi ulipojaa mbele ya milango michache iliyofunguliwa. Ukihisi kifua kinabanwa na miguu haichagui tena inapokwenda, ondoka mapema. Inua mikono usawa wa kifua kama bondia, na sogea kimshazari kuelekea pembeni umati unapolegea. Usishindane nao uso kwa uso.

Hatua ya 5: Yalinde masikio

Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana mimi mwenyewe nilisimama mita tatu kutoka kwenye spika onyesho langu la kwanza, bila chochote masikioni, nikijiona mwanamume. Masikio yalilia siku tatu. Nilikuwa namwona bosi wangu midomo ikicheza nikitikisa kichwa tu.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yenyewe ni hii: sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8. Kila inapoongezeka desibeli 3, muda huo unagawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 100 zimebaki dakika 15, na onyesho la roki hufika hapo bila shida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, liliweka wastani wa desibeli 100 kuwa ukomo. Hata wanamuziki hawajasalimika: mwaka 2016 madaktari walimwambia Brian Johnson wa AC/DC aache kupanda jukwaani la sivyo angekuwa kiziwi kabisa, na ziara ikamaliziwa na Axl Rose.

Nunua vizibo vya wanamuziki, vile vyenye kichujio ndani. Vya sponji vya kiwandani vinakinga vizuri lakini vinafunika sauti za juu, muziki unakuwa kama unatoka chini ya godoro. Vyenye kichujio hushusha zote kwa usawa. Vivae nyumbani kwanza, na ukumbini vivae kabla ya noti ya kwanza. Na utashangaa: maneno ya mwimbaji yanasikika vizuri zaidi, kwa sababu sikio halijaelemewa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Asubuhi fungua tiketi kwenye simu uone kama inaonekana. Tiketi nyingi za siku hizi zina msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, hivyo picha ya skrini haikubaliwi mlangoni. Ihifadhi kwenye pochi ya simu, ile programu ya kuwekea tiketi na kadi, kabla hujatoka, maana getini watu elfu kumi wanagombea mtandao mmoja.

Soma kanuni za mifuko. Kumbi nyingi zinakubali mfuko mdogo tu, na mwenye begi la mgongoni hurudishwa akatafute pa kuliacha. Kula mlo wa kutosha kabla. Kunywa maji mchana kutwa, siyo lita mbili dakika ya mwisho.

Angalia saa ya kumaliza, siyo ya kuanza tu. Viwanja vya wazi vina ukomo wa kelele, na ukomo huo haujali jina la mtu. Tarehe 14 Julai 2012, Hyde Park ya London, Bruce Springsteen alikuwa jukwaani pamoja na Paul McCartney. Muda ulipita, spika zikazimwa, wakabaki wanachezesha midomo. Bendi ikichelewa kuanza, usitegemee wafidie mwishoni.

Fika mapema kiasi cha kumsikia wa kufungua. Watu huwadharau, nami niliwahi kuwadharau. Ni wakati wa kujua kama ulipo panasikika, kama kuna nguzo, na kama jirani yako ni mtu wa kuimba kwa sauti kubwa kuliko bendi.

Hatua ya 7: Taa zikizimwa

Nyimbo mbili za kwanza usizihukumu. Fundi bado anapanga, maana ukumbi mtupu wa majaribio ya mchana hausikiki kama ukumbi uliojaa miili. Wimbo wa tatu mambo hukaa sawa. Koo la mzee nalo linahitaji kupashwa joto kama injini ya gari la baridi.

Halafu tazama ujanja wa utu uzima, ndiyo starehe yenyewe. Nilikaa mara moja karibu na pembe ya jukwaa, bendi ninayoipenda tangu ujana. Mwimbaji alikuwa na kikombe cha chuma nyuma ya spika yake. Kila baada ya wimbo alirudi hatua tatu, akanywa kidogo, akafuta midomo kwa kiganja. Ulipokuja ule mstari ambao kila mtu duniani anaujua, ule wa juu kabisa, akatabasamu, akainyosha maikrofoni kwa umati. Watu elfu kadhaa wakaupanda mlima badala yake. Aliurudia wimbo kwenye mstari wa chini kwa sauti kavu, nzito, iliyojaa, nami nywele zikanisimama. Kijana wa miaka 25 asingeweza kuuimba hivyo.

Ukiona mpiga dramu ameachwa peke yake dakika sita, jua mwimbaji amekaa nyuma anapumua. Ukisikia "huu unatoka kwenye albamu yetu mpya", utaona foleni ya vyoo ikijaa. Mimi huenda wakati wa dramu na kubaki kwa wimbo mpya, kwa sababu huo ndio waliouandika wakiwa na koo la leo, na mara nyingi ndio wanaouimba vizuri kuliko yote.

Rekodi wimbo mmoja, kisha weka simu mfukoni. Aliye nyuma yako hakulipa kuona skrini yako.

Hatua ya 8: Nyongeza na kutoka

Wakiaga na taa za ukumbi bado hazijawashwa, usiondoke. Watarudi. Nyimbo kubwa mbili au tatu huachwa makusudi kwa nyongeza, na kila mwaka namwona mtu akikimbilia maegesho huku wimbo aliousubiri maisha yake yote ukianza mgongoni mwake. Taa zikiwaka na muziki wa kanda ukianza kusikika, hapo ndipo imekwisha.

Fulana nunua ukiingia. Ukitoka saizi yako itakuwa imekwisha na foleni ni ndefu. Kisha subiri dakika 20 ndani kabla ya kutafuta usafiri. Umati unapungua haraka.

Mambo yakienda mrama

*Onyesho limeahirishwa.* Kwa rika hili ni jambo la kawaida. Mwaka 2019 Rolling Stones waliahirisha ziara ya Marekani Mick Jagger afanyiwe upasuaji wa vali ya moyo. Juni mwaka huo huo alikuwa Chicago anakimbia jukwaani. Usiuze tiketi kwa hasira. Kwa kawaida inabaki halali kwa tarehe mpya, au unapewa muda maalumu wa kudai pesa. Soma barua pepe ya muuzaji siku hiyo hiyo, muda ukipita umepita. Kwa sababu hiyo hiyo lipia malazi yanayoruhusu kufuta.

*Onyesho limefutwa.* Pesa ya tiketi iliyonunuliwa kwa muuzaji rasmi hurudishwa, ingawa ada za huduma si mara zote. Aliyenunua kwa mlanguzi mitaani hana wa kumdai.

*Tiketi inakataliwa getini.* Usigombane na aliyeshika mashine, hana mamlaka. Nenda dirisha la tiketi la ukumbi na kitambulisho, risiti na barua pepe ya ununuzi.

*Sauti ni mbovu ulipo.* Sogea. Hatua kumi kuelekea katikati hubadilisha kila kitu. Kama una kiti cha namba, mwombe mhudumu kwa upole, hasa ukiona viti vitupu baada ya wimbo wa nne.

*Kizunguzungu.* Toka umati, kaa chini, kunywa maji, mwambie mlinzi wa karibu. Kila ukumbi mkubwa una kituo cha huduma ya kwanza.

*Masikio yanalia baada ya onyesho.* Yapumzishe: usivae spika za masikioni kesho yake. Kwa kawaida mlio huisha ndani ya siku moja au mbili. Ukizidi hapo, au sikio moja likizibika ghafla, mwone daktari wa masikio mara moja, usisubiri wiki.

*Mwimbaji hawezi tena.* Hutokea, na si kosa la mtu. Hamishia macho kwa mpiga gita au mpiga kinanda. Vidole mara nyingi hudumu kuliko koo. Kama ulifuata hatua ya 2, hili hulikuti ukumbini, umelisikia wiki tatu kabla ukiwa kitandani na simu yako, ukaamua mwenyewe kama bado unataka kwenda.